Kwenda mbio si sawa na kuongeza mbio

Kona ya mwalimu

Juma lililopita tulipima unga na kuongea juu ya sehemu. Juma hili tunaingia katika fizike, maana watoto wa humanités wamefikia leso moja ambayo kila mwaka inawasumbua, na wengi wanaileta nyumbani kwa machozi.

Usigeuze ukurasa, mama. Hata kama uliacha masomo kwenye primere, leso hii unaijua tayari. Kichwa chako kilichobeba beseni la maji kinaijua. Mgongo wako uliobeba mtoto unaijua. Moyo wako nao unaijua, wakati motari anaposhuka mlima na wewe uko nyuma yake unashika kikwembe kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Kilichobaki ni kuipa maneno, ili uweze kumsaidia mtoto wako kwenye meza jioni, na ili ujue la kumwambia motari asubuhi.

Swali linalowaangusha

Swali lenyewe linaandikwa hivi katika kaye za watoto, kwa Kifaransa, lakini maana yake ni hii: "Motari anakwenda kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka. Mwendo wake haubadiliki hata kidogo. Accélération yake ni ngapi?"

Watoto wengi wanaandika 36. Wengine wanaandika 10, kwa sababu wamejua kugeuza kilometa kwa saa kuwa meta kwa segonde (unagawanya kwa 3,6, na 36 inakuwa 10). Jibu la kweli ni zero. Hapo mtoto anakasirika. "Zero namna gani, mama? Motari anakwenda! Angekuwa amesimama ningeelewa!"

Hasira yake ina sababu. Nyumbani na barabarani tunatumia neno moja, "mbio", kwa mambo mawili. Tunasema gari lina mbio, na tunasema gari limechukua mbio. La kwanza ni mwendo ulio nao. La pili ni mwendo unaoongezeka. Fizike inayatenga mambo haya mawili, na asiyeyatenga anapotea kuanzia siku ya kwanza hadi Exetat.

Tuanzie kwenye sanduku la kikundi

Wamama wengi wanaosoma gazeti hili wako katika AVEC au katika MUSO. Basi tufungue sanduku.

Mama wa kwanza ana franka 20 000 ndani ya sanduku. Juma hili ana 20 000, juma lijalo 20 000, na juma la tatu vilevile. Hajaongeza kitu, hajatoa kitu. Mama wa pili ameanza bila kitu, lakini kila juma analeta franka 2 000. Juma la kwanza ana 2 000, la pili 4 000, la tatu 6 000.

Nikikuuliza nani ana pesa nyingi, utasema ni mama wa kwanza. Nikikuuliza nani anaongeza, utasema ni wa pili, na kwamba yule wa kwanza anaongeza zero. Hakuna mtu atakayepiga kelele kwamba "zero namna gani, na ana 20 000 pale!" Kila mama anajua kwamba pesa iliyo ndani ya sanduku ni jambo moja, na mchango wa kila juma ni jambo lingine.

Ndivyo ilivyo barabarani. Mwendo, ambao watoto wanauita vitesse, ni pesa iliyo ndani ya sanduku. Accélération ni mchango. Mimi hapa nitaiita badiliko la mwendo, kwa maana ndicho kitu inachokipima: kila segonde inayopita, mwendo umebadilika kwa kiasi gani?

Motari wa swali letu ana mwendo wa meta 10 kwa segonde. Segonde ijayo ni 10. Segonde ya tatu ni 10. Ana mwendo, lakini hajaweka na hajatoa. Badiliko lake ni zero.

Sasa tazama motari mwingine anayeondoka kwenye parking. Mwanzo ana 0. Baada ya segonde moja ana meta 2 kwa segonde, kisha 4, kisha 6, kisha 8. Kila segonde anaongeza 2. Badiliko lake ni meta 2 kwa segonde, kila segonde. Ndiyo sababu mtoto anaandika m/s², na ile 2 ndogo ya juu si pambo. Inasema kwamba tumehesabu segonde mara mbili: mara ya kwanza kwa mwendo wenyewe, mara ya pili kwa muda ambao mwendo huo umebadilika.

Na yule anayefunga freni? Yeye anatoa pesa ndani ya sanduku. Alikuwa na 10, sasa ana 5, sasa ana 0. Kila segonde ametoa 5. Katika fizike hilo pia ni badiliko la mwendo, ila linaandikwa na alama ya kutoa mbele yake. Watu barabarani wanafikiri accélération ni kukanyaga moto tu. Hapana. Kuondoka ni badiliko, na kusimama ni badiliko.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kitabu kinasema "constant", maana yake isiyobadilika, na mtoto anaona neno hilo katika leso mbili zinazofuatana. Katika ya kwanza (MRU, mwendo wa sawasawa kwenye mstari ulionyooka) kisichobadilika ni mwendo. Katika ya pili kisichobadilika ni mchango, lakini mwendo wenyewe unapanda kila segonde, kama mama wa pili na 2 000 zake. Mtoto akisoma "constant", mfundishe kuuliza swali moja kabla ya kuandika chochote: ni kitu gani kisichobadilika? Swali hilo moja linaokoa pointi nyingi.

Mwili hausikii mwendo

Wale waliosafiri kwa mashua kubwa kati ya Bukavu na Goma wanajua jambo hili. Ziwa likitulia, chombo kikiwa katikati ya maji kwa mwendo wa sawasawa, unakaa, unamimina chai, unamnyonyesha mtoto, na chai haimwagiki. Ukifunga macho unaweza kufikiri uko nyumbani. Lakini chombo kinapoondoka kwenye bandari au kinapogusa ukingo wa kufika, watu wote wanayumba na vikombe vinacheza.

Mtaliano mmoja, Galileo, aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1632. Alimwambia msomaji ajifungie ndani ya chumba cha merikebu pamoja na vipepeo, samaki ndani ya chombo cha maji, na chupa inayodondosha matone. Merikebu ikiwa imesimama, au ikienda kwa mwendo wa sawasawa bila kuyumba, vipepeo vitaruka vilevile, samaki wataogelea vilevile, na matone yataanguka pale pale. Hakuna kitu ndani ya chumba kitakachokuambia kama unakwenda au umesimama.

Hata sasa, ukiwa umekaa na gazeti hili, unakwenda. Mstari wa ikweta unapita katika inchi yetu, karibu na Mbandaka na karibu na Butembo, na kwenye mstari huo dunia inapozunguka inabeba watu kwa zaidi ya kilometa 1 600 kwa saa. Hakuna motari aliyewahi kufika hapo. Lakini hakuna mama anayeshika kichwa kwa kizunguzungu, kwa sababu mwendo ule unabadilika kidogo sana, mwili hausikii kitu.

Hili ndilo ningependa kila mama alishike leo. Mwendo peke yake hauumizi mtu. Kinachoumiza ni badiliko la mwendo, na hasa badiliko kubwa katika muda mfupi. Mtu anayeanguka kutoka juu ya mwembe haumizwi na kule kuanguka angani. Anaumizwa na chini, pale ambapo mwendo wote unaisha mara moja.

Beseni la maji ni mwalimu

Ukitaka kumwonyesha mtoto, usitafute labo. Jaza beseni maji hadi karibu na ukingo, mpe alishike kwa mikono miwili, mwambie atembee uwanjani.

Akitembea kwa hatua za sawasawa, maji yanatulia. Mwambie aondoke ghafula: maji yanarudi nyuma, yanamwagika kwenye tumbo lake. Mwambie asimame ghafula: maji yanakwenda mbele, yanamwagika chini. Kisha mwambie atembee bila kuongeza wala kupunguza, lakini akate kona kali kwenda kushoto: maji yatamwagika upande wa kuume.

Hilo la mwisho linawashangaza watoto wakubwa. Mwendo ulikuwa ule ule, kwa nini maji yamemwagika? Kwa sababu katika fizike mwendo una kiasi na una njia unayoelekea. Ukibadilisha njia, umebadilisha mwendo, hata kama hukuongeza hatua. Ndiyo maana swali la kaye linasema barabara "iliyonyooka". Ingekuwa na kona, jibu lisingekuwa zero.

Mama anayepanda kutoka mtoni na beseni kichwani analijua hilo kwa shingo yake. Haondoki kwa kuruka, hasimami ghafula, na kona anaizunguka kwa upana. Anatunza badiliko lake karibu na zero, na maji yanafika nyumbani. Motari mwenye akili anaendesha vilevile.

Kwa nini mara mbili inakuwa mara nne

Sasa tufike barabarani, maana hapo leso hii si ya kaye tu. Asubuhi tunaona watoto watatu wa masomo juu ya moto moja, mdogo akiwa mbele juu ya tanki. Tunaona mama amebeba mtoto mgongoni na mfuko wa sombe mkononi. Tupige hesabu pamoja, pole pole.

Motari anakwenda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kila segonde. Mtoto anatokea barabarani kufuata mpira. Kabla motari hajafunga freni, jicho lazima lione na mkono lazima utii. Tuseme segonde moja. Katika segonde hiyo moto haijapunguza kitu, imekwenda meta 10. Kisha freni inashika. Tuseme barabara ni kavu na freni ni nzuri, kila segonde inatoa 5. Kutoka 10 hadi 0 ni segonde 2. Mwanzo alikuwa na 10, mwisho 0, kwa hiyo kwa katikati alikwenda na 5, mara segonde 2, ni meta 10. Jumla, kutoka pale alipomwona mtoto hadi kusimama, ni meta 20.

Motari wa pili anakwenda kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kila segonde. Barabara ni ile ile, freni ni zile zile, macho ni yale yale. Segonde ya kwanza, kabla ya freni, amekwenda meta 20. Kisha kila segonde anatoa 5, kwa hiyo anahitaji segonde 4. Kwa katikati ana 10, mara segonde 4, ni meta 40. Jumla ni meta 60.

Tazama vizuri. Mwendo ni mara mbili tu, lakini njia ya freni imetoka meta 10 hadi 40, yaani mara nne. Ni kwa sababu muda wa kusimama umekuwa mara mbili, na mwendo ndani ya muda huo pia ni mara mbili. Mbili mara mbili ni nne.

Na tazama tena jambo hili, ambalo linanifanya nisilale vizuri mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kama mtoto wa mpira alikuwa meta 20 mbele, motari wa kwanza amesimama mbele yake, labda anamgombeza, labda anamtukana, lakini mtoto yuko mzima. Motari wa pili, pale pale kwenye meta 20, ndipo mkono wake unagusa freni. Anafika kwa mtoto na kilometa 72 zake zote.

Mvua ikinyesha na udongo ukiteleza, freni haiwezi kutoa 5 kila segonde. Tuseme inatoa nusu. Njia ya freni inakuwa mara mbili tena: meta 20 kwa yule wa kwanza, meta 80 kwa yule wa pili, mbali na zile za kuona na kushtuka.

Mlima unaongeza mchango bila kuombwa

Sisi wa Bukavu hatuna barabara nyingi za tambarare. Tunapanda au tunashuka. Na mlima ni kama mtu anayeingiza pesa ndani ya sanduku lako kila segonde bila wewe kumwomba.

Kitu kinachoanguka wima kinaongeza karibu meta 10 kwa segonde, kila segonde. (Hesabu kamili ni 9,8, lakini watoto wengi wanaruhusiwa kutumia 10.) Kwenye mteremko kinaongeza kiasi kidogo kuliko hicho: mteremko unaoshuka meta 1 kwa kila meta 10 za barabara unaongeza karibu 1 kila segonde. Inaonekana ndogo. Lakini iache segonde 10 bila freni, imekuongezea meta 10 kwa segonde, yaani zile kilometa 36 kwa saa zote. Na freni iliyokuwa inatoa 5 kwenye tambarare, hapa inatoa 4 tu, kwa sababu mlima unarudisha 1.

Galileo huyo huyo alijifunza hivyo kwa kuviringisha mpira mdogo wa shaba ndani ya mfereji wa mbao ulioinama. Hakuwa na saa nzuri. Alihesabu muda kwa maji yaliyotoka katika ndoo kupitia bomba nyembamba, kisha akayapima yale maji kwenye mizani. Aliona kwamba kama segonde ya kwanza mpira umekwenda hatua 1, ya pili unakwenda 3, ya tatu 5, ya nne 7. Kila segonde inazidi ile ya mbele kwa kiasi kile kile. Aliandika hayo katika kitabu cha mwaka 1638.

Vijana wa chukudu wanaotelemka na viazi kutoka Kibumba kwenda Goma hawakusoma kitabu hicho, lakini wanakijua. Ndiyo sababu mguu wao haukai mbali na kile kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Hawangoji chukudu ichukue mbio ndipo wabane. Wanabana tangu juu. Vilevile dereva mzuri wa kamio, anapoanza kushuka escarpement ya Ngomo kwenda Kamanyola, anaingiza vitesi ya chini akiwa bado juu, ili moteri imzuie na freni zisichoke kwa joto. Anachokitafuta njia yote ni badiliko la zero: kila kitu mlima unachoweka, yeye anakitoa pale pale.

Mikono ya mama haitoshi

Hapa nitaongea na ninyi wamama, na hasa yaya zangu mliolea wengi. Tunaamini kwamba mtoto aliye mikononi mwetu yuko salama. Mapenzi yetu hayana mashaka. Lakini tupige hesabu.

Gari linakwenda kilometa 36 kwa saa, linagonga, linasimama katika sehemu ya kumi ya segonde. Meta 10 kwa segonde zimeisha katika 0,1 segonde. Badiliko ni 100, yaani mara kumi ya lile la kuanguka. Mtoto wa kilo 10, kwa muda huo mfupi, anavuta mikono ya mama kana kwamba ni mzigo wa kilo 100. Ni mifuko miwili ya simenti, kwa ghafula, bila kujitayarisha. Hakuna mama anayeweza kuishika, hata awe na nguvu gani. Asilaumiwe mama aliyeachia. Alaumiwe mwendo uliokuwa mkubwa kabla.

Hesabu nyingine ya kuweka kichwani: kugonga ukuta kwa kilometa 36 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka meta 5. Kwa kilometa 72 ni sawa na kuanguka kutoka meta 20, juu ya nyumba ya orofa sita hivi. Ni ile ile mara nne.

Basi kaske inafanya nini? Haipunguzi mwendo. Inaongeza muda. Ndani yake kuna povu gumu linalobonyea kichwa kinapogonga, na kichwa kinasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko kikigonga jiwe moja kwa moja. Muda ukiongezeka, badiliko la kila segonde linapungua. Ni kazi ile ile ya majani unayopanga ndani ya kitunga kabla ya kuweka nyanya, na ya tairi kuukuu ambalo wapagazi wanaliweka chini kabla ya kuangushia chupa ya gazi. Kaske isiyofungwa kidevuni haifanyi kazi hiyo, maana inaruka mbele ya kichwa. Na kaske iliyokwisha kugonga vibaya mara moja, povu lake limebonyea, haliwezi kubonyea tena vizuri.

Tufanye nini juma hili

Katika mkutano wa kikundi, tukubaliane juu ya mambo machache tunayoweza kweli.

Kabla ya kupanda, mwambie motari bei na umwambie pia mwendo. "Kijana wangu, uende pole pole, niko na mtoto." Sema ukiwa bado chini, maana ukiwa juu sauti inapotelea upepo. Akikataa, kuna mwingine nyuma yake. Wamama kumi wakikataa kupanda kwa motari mmoja asubuhi moja, atajifunza kuliko kwa fizike yangu.

Usikubali mtoto aketi juu ya tanki, mbele ya motari. Freni ikifungwa, mwili wake unaendelea na mwendo wa zamani, na mbele yake kuna chuma cha gido, na nyuma yake anasukumwa na uzito wa wakubwa wote.

Mfundishe mtoto wa primere kwamba anayevuka barabara asiangalie tu kama moto iko mbali. Aangalie kama inakuja mbio. Moto iliyo mbali na yenye mbio inaweza kufika kabla ya ile ya karibu inayojikokota. Na mvua ikinyesha, angoje zaidi.

Na jioni, mtoto wa humanités akifungua kaye, kaa karibu naye hata kama Kifaransa cha kitabu hukijui. Muulize kwa Kiswahili: "Ndani ya sanduku kuna ngapi? Kila segonde anaweka au anatoa? Ngapi?" Akiweza kukujibu wewe, ataweza kumjibu mwalimu. Nasema hivi hasa kwa ajili ya mabinti. Binti akisikia nyumbani kwamba fizike ni ya wavulana, anaacha kabla ya kujaribu. Akimwona mama yake anashika beseni na kumweleza kwa nini maji yamemwagika, hatasadiki uongo huo.

Maswali ya kupeleka nyumbani

La kwanza ni la wote. Motari anakwenda kilometa 54 kwa saa, yaani meta 15 kila segonde. Anahitaji segonde moja kushtuka, kisha freni inatoa 5 kila segonde. Atasimama baada ya meta ngapi?

La pili ni la watoto wakubwa. Unatupa embe juu, wima. Linapanda, linafika juu kabisa, na kwa nukta moja linasimama kabla ya kurudi. Pale juu kabisa mwendo wake ni zero. Je, badiliko la mwendo pia ni zero? Msijibu haraka. Kumbukeni kwamba sanduku linaweza kuwa tupu, na mchango bado unaendelea.

Majibu tutayapata katika gazeti la juma lijalo. Wanaotaka kuyaleta wenyewe, wayaandike kwenye karatasi na kuyatoa siku ya mkutano wa kikundi.